Umezoea tekno na unataka kumwelewa Steve Reich na wenzake? Anzia hapa

Msikilizaji wa muziki wa elektroniki akijaribu muziki wa klasiki wa minimali, yaani ule wa michoro mifupi inayorudiwa na kubadilika taratibu, mara nyingi hukwama ndani ya dakika tano za kwanza, na lalamiko lake huwa lilelile: "haubadiliki". Lakini mtu anayekaa na lupu moja ya tekno, kipande kifupi kinachojirudia, kwa dakika tisa hana ugomvi na kurudiarudia. Kinachomchosha ni kusubiri kitu ambacho hakiji, yaani kiki ya dramu iingie, itoke, kisha irudi. Kwenye tekno kiki ndiyo ukuta unaouegemea, na kila badiliko unalipima kutokea hapo. Ukuta ukiondolewa, nawe ukakaa kusubiri urudishwe, dakika hamsini zitakuwa ndefu sana.

Inasaidia kujua muziki huu ulitokea wapi. Mwaka 1965, kule San Francisco, mtunzi Mmarekani Steve Reich alichukua sauti ya mhubiri wa mtaani, akaiweka kwenye lupu mbili za tepu zinazofanana na kuzicheza kwenye rekoda mbili. Rekoda hazikuwa na kasi sawa kabisa. Lupu moja ikaanza kuitangulia nyingine kidogo kidogo, na kule kuachana ndiko kukawa kipande chenyewe, It's Gonna Rain. Mwaka 1967 akawapa wapiga piano wawili kazi ya zile rekoda, kikazaliwa Piano Phase. Mtunzi mwenzake Terry Riley naye alikuwa mtu wa tepu, na mwingine, La Monte Young, alikuwa mtu wa mawimbi ya saini (sine), sauti tupu za elektroniki zilizoachwa zilie kwa saa nyingi. Kwa hiyo ukiona wapiga piano wa Reich wanakukumbusha sikwensa, kifaa kinachorudia noti hatua kwa hatua, sikio lako halijakudanganya. Mashine ilitangulia, vidole vikafuata.

Kabla ya kubonyeza

Kwenye programu unayosikilizia, zima mambo matatu: kuchanganya mpangilio wa nyimbo, kufifisha mwisho wa wimbo ndani ya mwanzo wa unaofuata, na kusawazisha sauti wimbo kwa wimbo. Hilo la pili ndilo linaloharibu zaidi. Rekodi ya Music for 18 Musicians, kazi ya Reich ya saa moja hivi, iliyotolewa na kampuni ya Nonesuch mwaka 1998 imekatwa vipande, kila sehemu na kipande chake, ilhali muziki wenyewe haukatiki hata mara moja. Ukiacha programu ififishe kwa sekunde tano kwenye kila mpaka, mapigo ya sehemu mbili yanapandana bila kulingana, na unasikia miksi iliyomshinda di-jei. Rekodi ya kampuni ya ECM ya mwaka 1978 ni mkondo mmoja mrefu, haina shida hiyo.

Usiongeze besi. Muziki huu hauna ile besi ya chini kabisa inayotikisa kifua. Ukipandisha masafa ya chini unachopata ni klarineti za besi zilizovimba na kufunika marimba. Ila spika ndogo ya simu nayo haifai, kwa kuwa huzimeza klarineti hizohizo, na kazi nusu nzima imebebwa nazo. Hedifoni za kawaida zinatosha.

Kiasi cha sauti kinategemea mtunzi. Kundi la Philip Glass, Mmarekani mwenzake Reich, lilikuwa likipiga kwa vikuza sauti, vinanda vya umeme na saksafoni kwa nguvu, na fundi wa sauti alihesabiwa kuwa mmoja wa kundi. Muziki wa namna hiyo ukiuweka chini sana unageuka mlio wa friji. Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia, ni kinyume. Für Alina (1976) ni noti chache za piano na kimya kingi katikati, na ukipandisha sauti ili "usikie vizuri" utakachosikia ni mashine ya piano na mkwaruzo wa rekodi.

Anza na kile sikio lako linakijua

Kama hujui pa kuanzia, chukua Electric Counterpoint ya Reich ya mwaka 1987, aliyoirekodi mpiga gitaa Pat Metheny. Ni ya dakika 15 hivi, sehemu tatu: haraka, taratibu, haraka. Gitaa moja linapigwa juu ya magitaa mengine na magitaa ya besi yaliyorekodiwa kabla, tabaka juu ya tabaka, kama unavyopanga njia za sauti kwenye programu. Sehemu ya tatu ndiyo kundi la elektroniki la The Orb waliichukua kama sampuli kwenye Little Fluffy Clouds mwaka 1990, kwa hiyo huenda unaijua bila kujua. Isikilize mara mbili kwa siku moja. Mara ya kwanza iache ipite. Mara ya pili shughulika na sehemu ya tatu tu: magitaa yanaingia moja baada ya jingine na mchoro uleule, kila moja likianzia mahali pengine, halafu besi zinakuja. Angalia zinakoihamishia "moja", yaani pigo unaloanzia kuhesabu. Mchoro wa magitaa haujaguswa, lakini mwili wako unahesabu tofauti. Hiyo ndiyo dropu ya muziki huu, ile sekunde wimbo unapofunguka, na ukiikamata hapa utaikamata kila mahali.

Mpenzi wa tekno inayozunguka bila kusimama aendelee na Six Pianos (1973). Aliyelelewa na sikwensa ndefu za Wajerumani wa miaka ya sabini aende kwa Glass, Music in Twelve Parts, iliyotungwa 1971 hadi 1974. Kazi nzima inazidi saa tatu. Usijifanye shujaa, sikiliza sehemu moja kwa siku. Huyo pia apitie A Rainbow in Curved Air ya Riley (1969), ambayo Riley aliipiga yote mwenyewe kwa kurekodi juu ya rekodi. Na kama E2-E4 ya Manuel Göttsching, ile ya kodi mbili (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) kwa karibu saa nzima iliyorekodiwa 1981 na kutolewa 1984, ni albamu yako ya kudumu, umeshavuka mpaka zamani.

Kwa mpenzi wa hausi, jibu ni mtunzi Julius Eastman. Femenine (1974) ina njuga zinazotikiswa na mtambo tangu mwanzo hadi mwisho, zaidi ya saa nzima, na kipande kifupi cha vaibrafoni, ala ya vibao vya chuma, kinachorudi na kurudi huku piano, filimbi na wengine wakikizunguka wanavyotaka. Ina jasho. Wengine wote kwenye makala hii ukiwalinganisha na Eastman wanaonekana wamevaa tai.

Mpenzi wa transi aelekee kwenye Canto Ostinato ya Simeon ten Holt, Mholanzi, iliyokamilika mwishoni mwa miaka ya sabini na inayopigwa mara nyingi kwa piano nne. Ina sehemu 106, na wapigaji ndio wanaoamua kila moja irudiwe mara ngapi, kwa hiyo rekodi moja ni ya saa moja na nyingine ni ya saa kadhaa. Wenye kiu ya kupandishwa taratibu hadi melodi ifunguke watashiba.

Wapenzi wa droni, sauti ndefu zisizokatika, wamtafute mtunzi Éliane Radigue, aliyefanya kazi kwa miongo mitatu na sinthesaiza moja, ARP 2500, na hakutumia kibodi kuichezea. Trilogie de la Mort ni ya saa tatu hivi. Hapa ushauri ni mmoja: usiangalie saa, na usitafute badiliko linapotokea. Kila baada ya dakika kumi jiulize tu kama sauti iliyopo ndiyo iliyokuwepo. Haitakuwa hiyo.

Wapenzi wa sampuli zilizokatwakatwa wachukue Come Out ya Reich (1966), maneno machache ya binadamu yanayotoka sauti mbili hadi nane, mpaka lugha inakuwa kelele yenye mdundo. Ni ya dakika 13 hivi, ni kali, na usiifanye ya kwanza.

Tahadhari moja. Ukitafuta neno "minimali" kwenye majukwaa ya muziki utaletewa orodha ndefu za piano laini za kusomea na kulalia. Si dhambi kuzipenda, lakini ukizikuta zinachosha usidhani umeujaribu muziki huu. Nyingi zimechukua unyororo wake na kuacha utaratibu, na utaratibu ndio ulioufanya usikilizike.

Saa moja na wanamuziki kumi na wanane

Music for 18 Musicians, iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Aprili 1976, ndiyo kazi ambayo wengi wa upande wa elektroniki huikubali kwa moyo wote. Pia ndiyo ambayo wengi huiacha katikati, kwa sababu wameingia bila ramani. Ramani yenyewe ni fupi.

Mwanzoni kuna mapigo matupu yanayopita kwenye kodi 11. Marimba na piano ndizo gridi, hazitetereki. Juu yake klarineti na sauti za waimbaji zinavimba na kufifia, na urefu wa kila wimbi ni pumzi ya mpigaji, yaani binadamu akiishiwa hewa, noti inakwisha. Ukitaka kuelewa upesi, yachukulie mawimbi hayo kama kichujio kinachofunguka na kufungwa, isipokuwa hakuna mashine inayokiendesha na hakuna wimbi linalolingana na la kabla yake. Baada ya kodi hizo, kila kodi inajengewa sehemu yake ya dakika tano hivi, kumi na moja kwa jumla, kisha mapigo ya mwanzo yanarudi na kufunga.

Sasa sikilizia vaibrafoni. Hakuna mwongozaji anayesimama mbele. Anayetoa ishara ya kugeuka ni mpiga vaibrafoni, na kila anapopiga noti zake chache za kung'aa, kundi linahama. Usikilizaji wa kwanza ufanye hivi tu: tega sikio kwa vaibrafoni, na ikilia, angalia ni nini kimebadilika katika mapigo machache yanayofuata. Mara nyingi mchoro wa marimba utabaki vilevile na kodi iliyo chini yake ndiyo imehama, hivyo noti zilezile zikachukua rangi nyingine. Anayejua namna di-jei anavyobadilisha besi chini ya melodi ya wimbo mwingine hahitaji kuelezwa zaidi.

Wanaokwama hukwama katikati, kunako dakika ya ishirini na tano hivi, kwa kuwa wamesikiliza kwa umakini wa mtihani. Legeza. Umakini wa mtu aliye kwenye dansi unatosha.

Njia ya mkato: itengeneze mwenyewe

Dakika arobaini na programu ya kutengeneza muziki zitakufundisha kuliko wiki ya kusikiliza. Anza na Clapping Music (1972), kwa kuwa inahitaji sauti moja ya makofi tu.

Weka sikwensa iwe na hatua 12. Wengi huacha 16 kwa mazoea, na hapo hakuna kitakachofanya kazi. Jaza hatua ya 1, 2, 3, 5, 6, 8, 10 na 11. Zinazobaki, 4, 7, 9 na 12, ziwe kimya. Nakili njia hiyo kwenye njia ya pili. Ya kwanza ivute kushoto, ya pili kulia. Zima suwingi, ule ucheleweshaji wa hatua za katikati. Cheza mara 12 zote mbili zikiwa sawa, kisha sogeza mchoro wa njia ya pili hatua moja kushoto, yaani hatua ya pili iwe ya kwanza, na kofi lililokuwa la kwanza liende mwisho. Cheza tena mara 12, sogeza tena. Baada ya kusogeza mara 12 umerudi ulipoanzia.

Sasa tazama kinachotokea ukisogeza mara ya kwanza. Kwa kuwa mchoro hauna kimya mbili zinazofuatana, kila kimya cha njia moja kinazibwa na kofi la nyingine. Hatua zote 12 zinajaa ghafla, nne kati yake (1, 2, 5 na 10) zikiwa na makofi mawili, na msisitizo huo unasikika kama mdundo mpya kabisa ambao hakuna aliyeuandika. Sogeza mara ya pili, na hatua ya 7 inabaki wazi: tundu moja dogo, na kila kitu kinaegemea upande mwingine. Hapo utaelewa kwa nini kazi yenye sauti moja haichoshi.

Kosa linalorudiwa sana ni kuipa njia ya pili sauti tofauti "ili zisikike vizuri". Ukifanya hivyo umeiua. Sikio linazitenganisha mara moja kuwa ngoma mbili, na ule mdundo wa tatu unaozaliwa katikati unapotea. Reich huziweka ala za aina moja pamoja, piano na piano, marimba na marimba, na ndivyo mdundo huo unavyopata nafasi. Mwangwi nao weka kidogo au usiweke. Mkia wa mwangwi unaziba vile vimya vinne, navyo ndivyo vilivyobeba kazi.

Piano Phase inataka usahihi zaidi. Noti ni 12, kwa mfuatano huu: E, F#, B, C#, D, F#, E, C#, B, F#, D, C#. E ya kwanza ni ile iliyo juu kidogo ya C ya katikati, na mfuatano mzima haupiti D ya oktava inayofuata. Sauti tano tu. Ukizigawa kwa zamu, noti za nafasi ya witiri ni E, B, D zikijirudia, na za shufwa ni F#, C# zikijirudia: lupu ya tatu ndani ya lupu ya mbili, na bado mpigaji wa pili hajaanza kuachana na mwenzake.

Tempo weka 108, kila noti iwe ya kumi na sita, yaani robo ya pigo, lupu iwe na urefu wa mapigo matatu. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.67 hivi. Lupu ya njia ya pili unaifupisha kidogo sana: kwenye programu inayogawa pigo moja vipande 960, lupu kamili ni vipande 2,880, ya pili ifanye 2,868. Hizo ni kama milisekunde 7 kila mzunguko, na baada ya mizunguko 20, kama sekunde 33, itakuwa imetangulia kwa noti moja kamili. Kama unatumia faili la sauti badala ya noti, zima kwanza kunyoosha sauti kiotomatiki, la sivyo programu itairudisha lupu kwenye gridi kila mara nawe utabaki unajiuliza kosa liko wapi. Chagua piano yenye mkia mfupi.

Kisha kaa kimya usikilize sekunde hizo 33. Mizunguko mitatu ya kwanza piano inapanuka, kama umeiwekea korasi, ile athari inayonenepesha sauti. Kufikia wa tano au wa sita ni mwangwi wa wazi. Kwenye mzunguko wa kumi njia ya pili inaangukia katikati kabisa ya noti za kwanza na kasi inaonekana imeongezeka maradufu, wakati hakuna aliyekimbia. Halafu vurugu, vurugu, na kwenye wa ishirini, tak, vinaingiana na kuna melodi mpya. Ukiacha iendelee itarudi mwanzo baada ya dakika 6 na sekunde 40.

Hiyo ni Piano Phase ya rekoda. Wapiga piano hawafanyi hivyo. Wa pili huharakisha mpaka aipate noti inayofuata, kisha hutulia hapo, na wote wawili hukaa kwenye melodi hiyo kwa muda kabla ya kuhama tena. Kuiga hilo, kila baada ya mizunguko 20 mifupi rudisha lupu ya pili kwenye vipande 2,880 kwa mizunguko 16 hivi. Linganisha matoleo yako mawili. La kwanza ni safari isiyo na kituo. La pili lina vituo, na mwili unapendelea la pili karibu kila wakati. Ukisikiliza tena rekodi ya wapigaji halisi baada ya zoezi hili, utawasikia wakitokwa na jasho kwenye zile sekunde za katikati, ambapo kulinda kasi yako huku jirani anakuvuta ni kazi kweli.

Na kama unafikiria kuingiza rekodi hizi kwenye seti yako ya di-jei: Piano Phase haiwezi kulinganishwa mapigo na kitu chochote, ina tempo mbili. Nyingine zinawezekana, ila zimepigwa na watu na kasi inapanda na kushuka, kwa hiyo zima ulinganishaji wa kiotomatiki na utumie mkono.

Drumming ibaki ya mwisho

Drumming ya Reich ilikamilika 1971, baada ya yeye kwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma. Inachukua kati ya dakika 55 na zaidi ya saa moja kutegemea kundi, na ina sehemu nne: ngoma za bongo, marimba pamoja na sauti za wanawake, glokenspili pamoja na mluzi na filimbi ya pikolo, kisha wote kwa pamoja. Inaanza na pigo moja tu katika mzunguko, mengine yote kimya. Kimya kimoja kinageuzwa pigo, kinarudiwa weee, kisha kingine, mpaka mchoro unajaa. Ni kujenga biti mbele yako bila kuficha kitu.

Lakini kwa mtu wa miksi, mahali pa kwenda moja kwa moja ni mwisho wa sehemu ya kwanza. Bongo bado zinapiga. Chini yake, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mara ya kwanza unadhani ni masikio yako, marimba zimeshaingia na mchoro uleule, pigo kwa pigo. Bongo zinashuka, marimba zinapanda, na kwa muda fulani huwezi kusema ni ipi unayoisikia. Kutoka marimba kwenda glokenspili wanarudia hila hiyohiyo. Dakika yenyewe inatofautiana kutoka rekodi moja hadi nyingine, kwa hiyo usiruke mbele kuitafuta, iache ikukute.